Kesi Ambayo Mke Wangu Aliikataa

Asubuhi ile aliamka kabla yangu kama siku zote. Alinishonea kifungo cha shati nikiwa nimelivaa, akaniambia nitulie asije akanichoma. Tukanywa chai. Akasema majani yamekwisha, nikipita dukani nichukue. Nikasema sawa. Halafu akaanza kutafuta miwani yake, naye alikuwa ameipandisha kichwani. Nilimwona nikanyamaza kwa mchezo. Akazunguka meza mara mbili, akanitazama.

"Kumbe unajua iliko."

"Najua nini?"

"Mzee mzima, haya huna."

Akaishusha puani akaenda kufungua mlango wa mbele, maana kulikuwa na mtu amekaa kwenye benchi tangu saa moja.

Mimi nikaenda dukani. Niliporudi, yule mtu wa kwenye benchi alikuwa amemshika mabega asianguke kutoka kwenye kiti. Hospitali alikaa siku nne bila kusema. Siku ya tano asubuhi walikuja kuniambia.

Ni miezi saba sasa. Watu wanauliza ninaendeleaje. Naendelea. Nakula nikikumbuka. Bado watu wanabisha hodi mlango wa mbele, wengine wametoka mbali na bahasha zao, nami nawaambia hayupo. Wengine wanasema watarudi kesho. Siwezi kumfafanulia kila mtu.

Kuandika nilijifunza nikiwa na miaka hamsini na mbili, binti yetu alinifundisha. Shule sikwenda. Kwa hiyo nitaandika yale ninayoyajua tu, kwa kuwa mazishini watu walimsifu sana na mimi sikumtambua mtu waliyekuwa wakimsifu.

Mke wangu alikuwa mwakilishi wa watu katika mambo ya kazi. Hakuwa wakili. Alianza kwa kufagia na kupika chai ofisini kwa wakili mmoja mzee, ambaye kazi yake yote ilikuwa ugomvi wa waajiri na wafanyakazi: huyu kafukuzwa bila barua, yule kaibiwa na mfanyakazi wake, huyu kapandishiwa saa. Mke wangu alikuwa amemaliza darasa la saba. Macho ya wakili yalipoanza kufifia, akawa anamwambia, "Mama, weka ufagio, nisomee hili." Akamsomea mafaili miaka kumi na mitatu. Wakili alipofariki, watu waliendelea kuja na kumwulizia yule mama anayesoma. Na kwenye baraza la usuluhishi wa kazi si lazima uje na wakili, mtu anaruhusiwa kuja na mwakilishi anayemtaka. Basi akaanza. Chumba chetu cha mbele kikawa ofisi, meza moja, viti viwili, benchi nje chini ya dirisha.

Mtaani walimwita Mama Pande Mbili. Wengine walisema kwa heshima na wengine kwa kumkejeli, kwa sababu leo utamwona na mpishi aliyefukuzwa, kesho utamwona na mwenye hoteli. Hakujali. Alikuwa na sharti moja, kwamba katika ugomvi wowote mteja wake ni yule aliyebisha hodi wa kwanza. Wa pili aende kwingine, hata awe nani. Na alichokisikia kwa mtu hakikutoka humo chumbani. Mimi niliishi nyuma ya ukuta wa chumba hicho miaka yote na sikuwahi kujua kesi ya mtu.

Sauti nilizisikia wakati mwingine, akiwa amesahau kufunga dirisha. Alikuwa na tabia ya kuwabadilisha watu viti. Mtu akimaliza kueleza, anamwambia, "Sasa njoo ukae huku. Wewe sasa ndiwe yule unayemshitaki. Nieleze." Siku moja ilikuwa zamu ya mwenye hoteli mmoja, mnene, ana sauti.

"Mimi niwe mpishi?"

"Kwa leo tu."

"Mama, mimi nina hoteli tatu."

"Huna hata moja. Uko jikoni tangu alfajiri. Sema."

Nikasikia kiti kikilia. Kisha yule bwana akasema, "Basi nimechoka."

"Eeh," akasema mke wangu. "Sasa tunaweza kuanza."

Nilicheka kule nyuma mpaka nikaziba mdomo.

Tabia yake nyingine ni kwamba hakutaka kutajiwa jina mwanzoni. Alisema jina linamfanya mtu aanze kuhukumu kabla hajasikia. "Nieleze jambo kwanza. Jina la huyo mtu tutalifikia mwisho." Ndivyo alivyofanya kwa kila mtu.

Hiyo ndiyo iliyotuponza.

Mimi nilikuwa mchochea boila kwenye kiwanda cha kufulia. Tulifua mashuka ya hospitali na ya mahoteli. Boila ndiyo inayotoa mvuke, na mvuke ukikosekana kiwanda kizima kinasimama. Nilikaa nayo miaka kumi na tisa. Wenzangu waliniita Bwana Mvuke, na mke wangu akalichukua jina hilo akaja nalo nyumbani. Sikujua kusoma, lakini geji ya kupimia mvuke nilikuwa naijua. Mshale ukitikisika kidogo tu nilijua kabla sijautazama, kwa kusikiliza.

Akaja meneja mpya, na msimamizi wa zamu mpya naye. Siku moja ya Jumatatu nikaitwa, nikaambiwa nimeachishwa kazi. Eti nimeiacha boila peke yake mara tatu, na nimeonywa mara tatu kwa maandishi. Kusema kweli niliiacha mara moja. Nilikwenda kujisaidia, tumbo lilikuwa limenichachamaa, na nilimwambia msimamizi. Hizo nyingine mbili sizijui. Maonyo ndiyo siyajui kabisa.

Nilirudi nyumbani saa za kawaida. Sikumwambia.

Sina sababu nzuri ya kutoa. Niliona aibu. Mke wangu anawasemea watu wote waliofukuzwa mjini, halafu mumewe naye afukuzwe, tena kwa uzembe. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake asubuhi nikachukua kibakuli changu cha chakula kama kawaida, nikatoka, nikaenda kukaa hospitali, pale wagonjwa wa nje wanapongojea. Ni mahali pazuri, hakuna anayekuuliza unangoja nini. Nilikaa mpaka saa kumi. Niliyatazama mashuka yakipita kwenye vitoroli. Niliyafahamu.

Niliporudi nilimkuta amekaa jikoni, mikono mitupu. Huyo hakuwa mtu wa kukaa mikono mitupu.

"Mvuke, keti."

Nikaketi.

"Chakula umekula wapi leo?"

"Kazini."

"Meneja wenu alikuja hapa saa nne."

Nikaweka kibakuli mezani.

"Alikuja na faili. Hanijui, ameelekezwa tu. Akanieleza habari ya mchochea boila wa kiwanda cha kufulia aliyemfukuza, anahofia atashitakiwa. Nikajiuliza moyoni, nikasema huyu si mume wangu. Wachochea boila wako wanne, na mume wangu asubuhi hii ametoka na chakula chake kwenda kazini." Akakitazama kibakuli changu. "Nikasikiliza yote. Nikasoma karatasi zote. Jina likawa la mwisho."

"Nilitaka kukwambia leo."

"Leo saa ngapi?"

Nikakivuta kibakuli karibu yangu.

"Nimemwambia achukue faili lake atafute mwingine," akasema. "Nimemwambia na sababu. Na wewe utafute mwingine."

"Mimi?"

"Nimeshayasikia ya kwake. Nimeshasoma. Siwezi kukaa upande wako na siri zake tumboni."

"Mke wangu, hizo karatasi zinasema nini?"

"Usiniulize."

"Niambie neno moja tu."

"Usiniulize, Bwana Mvuke. Alibisha hodi wa kwanza. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa hospitali, nimekaa na wagonjwa, mzima wa afya.

Nilikasirika. Sikukasirika kwa kelele, sijui kupiga kelele. Niliacha tu kusema naye. Nikatoa salamu asubuhi, nikatoa salamu jioni. Yeye alipika, alifua, alipokea watu wake. Nilipeleka malalamiko barazani, nikapewa tarehe baada ya wiki sita. Kulikuwa na mwakilishi mwingine ng'ambo ya soko, mke wangu mwenyewe alinielekeza, lakini sikwenda. Mume wa Mama Pande Mbili aonekane amekaa kwenye benchi la mtu mwingine? Nikasema nitajisemea. Sikutaka kulipwa chochote. Nilitaka boila yangu.

Rafiki yangu mmoja, mpiga pasi wa kiwandani, alikuja kunisaidia. Mtu mwema, lakini maneno mengi. Alikuja kila Jumapili mchana, tukakaa uani. Yeye anakuwa msuluhishi, mimi ninakuwa mimi.

"Wewe dawa yako ni kukataa," aliniambia. "Kataa kila kitu. Mtu asiyesoma akikataa, wanamhurumia. Ukikubali kimoja tu, umekwisha."

"Hata ile siku ya tumbo?"

"Hata tumbo kataa. Huna tumbo."

Mke wangu alikuwa amekaa pembeni na ungo anachambua mchele. Alicheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka baada ya wiki mbili, na mimi nikajifanya sikusikia.

Mpiga pasi akakunja uso, akatoa sauti nzito. "Wewe mzee. Umewahi kutia kidole kwenye karatasi ya onyo?"

Nikajibu kama alivyonifundisha: "Sijawahi kutia kidole changu kwenye karatasi yoyote pale kazini."

Mke wangu akaweka ungo chini, akaondoka.

Tukaendelea na mengine. Akarudi, akachukua ungo wake, akakaa. Alisikiliza maswali yote, hata yale ya kipuuzi. Mwishoni mpiga pasi akasema turudie kutoka mwanzo. Tulipofika pale pale, nikasema, "Sijawahi kutia kidole changu kwenye karatasi yoyote," naye akainuka tena. Safari hii hata punje alizimwaga.

"Shemeji ametuchoka," akasema mpiga pasi.

Jumapili iliyofuata ikawa vile vile. Na iliyofuata hiyo. Alikuwa anakaa, anasikiliza, na tukifika kwenye sentensi ile anaondoka kama mtu aliyeitwa. Sikufikiri kitu. Niliona ananidharau. Jioni moja nikamwambia, na ndiyo maneno marefu niliyomwambia mwezi mzima: "Nikisema, unanikimbia kama ninanuka."

"Nilikuwa na kazi kule nyuma," akajibu.

Kule nyuma hakukuwa na kazi. Kulikuwa na ukuta na kamba ya nguo.

Siku ya baraza alinipigia pasi shati. Nilitoka peke yangu.

Chumba cha baraza kilikuwa kidogo. Meza ndefu, feni inayogonga, birika la maji. Upande wa pili walikuwa watatu: meneja, msimamizi wa zamu na mwakilishi wao, kijana mwenye tai. Upande wangu kulikuwa na viti viwili na mimi mmoja. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, ana mafua, anashika leso muda wote. Akaniuliza mwakilishi wangu yuko wapi. Nikasema nimekuja mwenyewe. Akaandika.

Yule kijana akaeleza yake, akaeleza vizuri. Kisha akanigeukia mimi, mkono uko juu ya faili lakini hajalifungua.

"Mzee, tuambie tu kwa kifupi. Umewahi kutia kidole kwenye karatasi ya onyo?"

Nilikuwa nimelishika jibu. Nililisema mara nyingi mpaka likawa linakuja lenyewe. Nikafungua mdomo, nikasema, "Sijawahi..." na hapo nikauona mgongo wa mke wangu ukitoka mlangoni.

Simaanishi maono. Niliukumbuka tu, jinsi ulivyokuwa unatoka. Nikakumbuka kwamba alikaa kwa maneno yetu yote, hata ya tumbo, na alikimbia maneno haya tu. Kila mara haya tu. Mke wangu alikuwa amesoma lile faili.

Nikafunga mdomo. Feni iligonga. Msuluhishi akapenga kamasi akasema, "Mzee, tunakungoja."

Nikasema, "Sijawahi kusomewa onyo. Kidole nimetia mara nyingi. Sijui kusoma, mama. Nikiambiwa tia, natia."

Yule kijana akatabasamu, akafungua faili, akatoa karatasi tatu. Vidole vitatu, vyangu vyote. Ungeweza kukiona hata kile kikovu changu cha gumba. Akasema, "Kwa hiyo unakiri."

"Vidole ni vyangu."

"Ulitia kwa nini?" akauliza msuluhishi.

"Niliambiwa ni za glavu."

"Glavu gani?"

"Za boila. Zinaungua, tunapewa nyingine. Huyu bwana msimamizi kila aliponipa glavu aliniwekea karatasi mbili. Alisema moja ni ya stoo, moja ni ya ofisi. Zamani ilikuwa moja."

Msuluhishi akamtazama msimamizi. Msimamizi akamtazama meneja. Meneja, nitasema haki yake, alionekana hajui. Msuluhishi akauliza kama stoo wanazo hizo karatasi za glavu. Meneja akasema lazima ziwepo. Akaambiwa azilete baada ya siku saba.

Siku saba zikaisha, akazileta mwenyewe. Zilikuwa tatu, na tarehe zilikuwa zile zile tatu za maonyo. Msuluhishi aliziweka mezani mbili mbili, akaniita nije nizione ingawa anajua sisomi. Akanionyesha tarehe kwa kidole. "Hii na hii," akasema. "Hii na hii." Tarakimu nilizijua kwa ajili ya geji. Zilifanana.

Kama ningekataa vidole, lile faili lingefunguliwa usoni pangu, nikawa mwongo, na hakuna ambaye angeuliza habari ya glavu. Hilo nililijua pale pale, nimesimama mbele ya meza.

Ikaamriwa nirudishwe kazini, boila ile ile, kuanzia Jumatatu. Msimamizi alihamishwa, sikuuliza wapi. Nilikaa na ile boila miaka mingine kumi na moja.

Nilitembea mpaka nyumbani. Nilipita mlango wa mbele, jambo ambalo silifanyi, ule ni mlango wa wateja wake. Alikuwa peke yake mezani, anapanga karatasi za mtu.

"Nimerudishwa," nikasema.

"Alhamdulillahi." Akaendelea kupanga, lakini mikono ilikuwa haipangi kitu. "Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia nimetia kidole."

Akavua miwani. Akaiweka juu ya meza, akaangalia chini muda mrefu. Nilidhani atafurahi. Alikuwa kama mtu aliyevunja chombo cha watu.

Kesho yake, ili ijulikane, alikwenda mwenyewe kwa meneja akamwambia: mimi nilitoka uani mara kadhaa mume wangu alipokuwa anasema jambo fulani, na huenda alielewa kutoka kwangu. Meneja hakujua amjibu nini. Akamwambia, mama, kutoka uani kwako si kosa. Yeye akasema haikuwa hivyo kwake. Niliyajua haya miaka mingi baadaye, kwa meneja, si kwa mke wangu. Na watu waliendelea kumjia, wa pande zote mbili.

Lakini jioni ile, pale mezani, mimi nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nilikuwa nimelitembeza njia nzima. Nikavuta kile kiti cha wateja, nikakaa, nikaanza kulisema. Aliinua mkono akanizuia. Kwa hiyo sikulisema siku ile, wala siku nyingine yoyote, miaka ishirini na sita. Maneno aliyoniambia ni haya, sijaongeza wala sijapunguza:

"Usinishukuru, Mvuke. Mdomo niliuzuia, miguu ikanishinda. Ukinishukuru nitajua nimekosa, na kesho saa mbili nina mtu."